Mafuta Yanayoota Shambani: Niliyowaambia Madereva wa Malaba

Hotuba hii, kuhusu mafuta ya injini yanayotokana na mimea na hewa ukaa, niliitoa Jumamosi moja mchana mjini Malaba, mpakani na Kenya, upande wa Uganda, mbele ya madereva wa masafa marefu, waendesha boda na mafundi wa gereji. Nimeiandika upya kutoka kwenye karatasi zangu, na yaliyosemwa ukumbini nimeyaacha palepale yalipoangukia.

Mheshimiwa mwenyekiti wa LC, baraza letu la mtaa, wazee wetu, akina mama mliofunga vibanda mapema ili mfike hapa, madereva na matanboi, vijana wa boda wa steji ya juu na ya chini, mafundi wenzangu: hamjambo. Wanaostahili shikamoo, shikamooni. Afande, usisimame mlangoni, kiti kipo hapa mbele.

Mimi ni fundi. Kabla sijaanza kufundisha chuoni nililala chini ya malori miaka kumi na miwili, mengine ya kwenu, nikifungua pampu za dizeli na kubadilisha nozeli kwenye jua la hapahapa. Kwa hiyo leo nitaongea habari za vyuma na mashamba. Mikataba ya kimataifa tuwaachie wanaovaa tai.

Mezani mnaona mirija miwili ya kioo yenye mistari. Nimeiazima kwa mwalimu wa kemia na nimeapa kuirudisha mizima. Kila mmoja nimeutia mililita 10 za maji, nikayakoleza kwa majani ya chai ili myaone hata mliokaa nyuma. Juu ya maji nimejaza petroli hadi mstari wa 100. Mrija wa kushoto una petroli tupu. Wa kulia una petroli iliyochanganywa na ethanoli, yaani pombe, sehemu 10 katika kila 100. Naziba, natikisa hivi, naweka chini. Tuiache itulie, tutairudia. Na tafadhali, anayetaka kuvuta sigara akavutie Kenya.

Hapa Malaba sihitaji kumweleza mtu kukosa mafuta ni nini. Wazee mnaikumbuka miaka ya Amin, petroli ikipimwa kwa chupa na magendo ikawa kazi kama kazi nyingine. Januari 2008, Kenya ilipowaka baada ya uchaguzi, barabara ilifungwa na huku kwetu bei ikapaa kwa siku chache tu. Januari 2022, wakati wa vipimo vya korona, foleni ya malori upande wa pili ilirefuka kilomita baada ya kilomita, madereva mkagoma, na kuna sehemu za nchi hii lita moja ya petroli iliuzwa shilingi 10,000. Mnacheka sasa. Siku zile hamkucheka.

Chanzo ni kimoja. Petroli na dizeli tunayochoma inatoka nje. Nyingi inashuka Mombasa, inasukumwa kwa bomba hadi Kisumu na Eldoret, kisha inapakiwa kwenye matangi yenu na kupita hapa au Busia. Ndiyo maana ukimtajia Mganda mafuta yanayoota shambani, wazo la kwanza kichwani mwake ni kutolitegemea geti la Malaba. Hewa ukaa, ile inayoipasha dunia joto, inafuata nyuma, tena mbali. Sioni aibu kulisema hilo. Ila nimeitwa kuizungumzia hiyo iliyo nyuma.

Lita moja ya petroli ina uzito wa kama robo tatu ya kilo. Ikichomwa inatoa kama kilo 2.3 za hewa ukaa. Kijana mmoja darasani aliniambia, "Mwalimu, hesabu yako imepinda. Kitu cha robo tatu kilo kinazaaje kilo mbili na zaidi?" Nilifurahi, maana alikuwa anasikiliza. Injini haichomi petroli peke yake, inavuta na hewa. Kila chembe ya kaboni iliyomo kwenye petroli inashika chembe mbili za oksijeni, na oksijeni ni nzito. Kilo moja ya kaboni inatoka kwenye ekzosi ikiwa kilo 3.67 za hewa ukaa. Dizeli imeshiba kaboni zaidi, na lita yake moja inatoa kama kilo 2.7.

Sasa tupige hesabu ya Malaba. Tuseme kijana wa boda anachoma lita 3 kwa siku na anafanya kazi siku 300 kwa mwaka. Ni lita 900, yaani zaidi ya tani mbili za hewa ukaa kutoka kwenye pikipiki ambayo yenyewe haifiki kilo 150. Na lori: Mombasa hadi Kampala ni kama kilomita 1,170. Likila lita 40 kwa kila kilomita 100, na humu ndani kuna watu wanaotamani yao yangekula hizo tu, ni lita 468 kwa njia moja. Kilo 1,260 na ushee, kwa safari moja, kabla hujageuza.

Kwani miwa haitoi hewa ukaa ikichomwa? Inatoa. Mtu akikwambia ethanoli haitoi hewa ukaa kwenye ekzosi, huyo ni mfanyabiashara. Wabadilisha pesa mliokaa pale kushoto mtanielewa haraka kuliko wahandisi. Muwa unaichukua kaboni yake kutoka hewani mwaka huu, unakatwa, unakuwa mafuta, unachomwa, kaboni inarudi hewani, na muwa wa mwaka kesho unaichukua tena. Ni noti zilezile zinazozunguka sokoni. Petroli ni kaboni iliyofukiwa ardhini mamilioni ya miaka. Ukiichimba na kuichoma, umechapisha noti mpya. Na nyinyi mnajua kinachotokea nchi ikichapisha noti kila siku bila kupumzika.

Lakini hata huo mzunguko wa noti zilezile una watu wanaochomoa pesa njiani. Trekta lililolima lilikula dizeli. Mbolea ilitengenezwa kwa gesi. Lori lililobeba miwa, kiwanda kilichochemsha, vyote vina gharama yake ya kaboni. Kwa hiyo jina lililoandikwa kwenye pampu halinishtui. Nataka kuyafuata mafuta nyuma: mpaka kiwandani, mpaka shambani, mpaka kwenye bwawa la majitaka ya kiwanda. Hilo ndilo nililokuja kuwaambia leo.

Tuanze na ethanoli. Ni pombe, ileile iliyomo kwenye waragi, ila ya injini inakaushwa mpaka maji yanakaribia kwisha kabisa, na inatiwa kitu cha kuiharibu ladha ili asiinywe mtu. (Hapa sauti kutoka nyuma ilisema, "Watajaribu tu!" nami sikuwa na la kumjibu.)

Malighafi tunayo. Kiwanda kikikamua miwa na kuuchemsha mchuzi wake, sukari inaganda na kutengwa. Kinachobaki ni molasi, uji mzito mweusi, utamu wake una uchungu ndani, na sukari iliyosalia humo haitoki tena kwa faida. Watu waliulishia ng'ombe au waliupikia enguli, pombe kali ya kienyeji. Pale Kakira karibu na Jinja, molasi sasa inaingia kwenye mtambo wa ethanoli, na makapi ya miwa yanachomwa kwenye boila kuendesha kiwanda, umeme unaozidi ukiingia kwenye gridi ya taifa. Haya kwangu ndiyo mafuta safi. Molasi ni mabaki ya kazi nyingine. Hakuna mti uliokatwa kwa ajili yake, na moto wa kuchemshia unatoka kwenye muwa uleule.

Hesabu yake sasa, na hapa ndipo wengi wanaouza ndoto huruka mstari. Lita ya ethanoli ina nguvu kama theluthi mbili za lita ya petroli. Ukitia asilimia 10 ya ethanoli kwenye petroli, nguvu unayoibadilisha haifiki asilimia 10, ni kama 7. Yule kijana wetu wa boda mwenye tani mbili anapunguza kama kilo 140 kwa mwaka, tena tukijidanganya kwamba kulima na kuchemsha hakukutoa chochote. Ukienda asilimia 20, ambacho ndicho kiwango cha juu kilichotajwa kwenye sera yetu ya nishati jadidifu ya 2007, unafika kama asilimia 14. Tuna pia Sheria ya Bayofueli ya 2020 inayohusu leseni na uchanganyaji. Sidharau hizo asilimia. Nasema tu kwamba ni za kijiko, na msiuziwe kama ndoo.

Wala hatugundui kitu kipya. Brazil walianza mpango wao mwaka 1975, baada ya bei ya mafuta kuwachoma. Malawi, nchi isiyo na bahari kama sisi, inachanganya ethanoli ya miwa tangu 1982. Majirani zetu hapa ng'ambo ya mto walichanganya petroli na spiriti ya Muhoroni, mji wa miwa wa magharibi mwa Kenya, miaka hiyohiyo ya themanini, kisha jambo likafa. Madereva wa umri wangu labda waliwahi kuichoma bila kujua.

Taabu inaanza molasi inapokwisha. Tani moja ya miwa inakupa molasi kama kilo 40, na hizo zinakupa ethanoli kama lita 10. Lakini ukiikamua tani hiyohiyo yote kwa ajili ya ethanoli, bila kutengeneza sukari, unapata lita 70 na zaidi. Mfanyabiashara yeyote akiziona hizo namba mbili pamoja, mkono utamwasha. Na hapo mafuta yanaacha kuwa mabaki, yanakuwa zao linalodai shamba lake.

Shamba litatoka wapi? Aprili 2007 Kampala watu waliandamana hadi roho za watu zikapotea, kwa sababu ya mpango wa kukata kama hekta 7,000 za msitu wa Mabira, karibu robo ya msitu wote, ili ipandwe miwa. Ilikuwa miwa ya sukari, sawa. Ingekuwa ya ethanoli, hewa isingeona tofauti. Msitu mkubwa ukiuangusha, kaboni iliyokaa kwenye magogo na udongo inatoka kwa mkupuo, na muwa wako utahitaji miongo ya miaka kulilipa deni hilo. Kila mnapopita Mabira mkielekea Kampala, mkisimama pale Najjembe kula mishikaki ya kuku na ndizi za gonja, mnakula mbele ya ghala la kaboni.

Na si msitu tu. Nenda Busoga: nenda Mayuge, nenda Luuka. Kuna boma ambalo miwa inagusa ukuta wa jiko. Mwenye shamba ameambiwa miwa ina pesa, akang'oa mihogo, akang'oa viazi, akapanda miwa hadi mlangoni, halafu bei ya miwa ikaanguka, viwanda vikachelewa kukata, muwa ukakauka ukiwa umesimama. Viongozi wa Busoga wamelilalamikia jambo hili miaka mingi, la njaa kwenye nyumba iliyozungukwa na kitu kitamu. Mimi mke wangu ametoka huko, na shemeji yangu mmoja ananunua mihogo sokoni huku eneo lake lote ni la kijani. Nikimwambia ethanoli itaokoa dunia, atanisikiliza kwa adabu, maana mimi ni mkwe.

Halafu kuna lile bwawa la majitaka. Kila lita ya ethanoli inaacha nyuma lita 10 hadi 15 za maji ya kahawia, yenye asidi, yanayonuka. Yakiachwa kwenye bwawa wazi yanachacha na kutoa methani, ambayo kilo kwa kilo, ukihesabu kwa miaka 100, inaipasha dunia joto zaidi ya mara 25 kuliko hewa ukaa. Bwawa likifunikwa, methani hiyohiyo inakuwa gesi ya kuwashia boila. Kiwanda kimoja, muwa mmoja, tofauti ni kifuniko. Pampu haitakwambia kama kifuniko kipo.

Naona Mzee wa matangi hapa mbele ananikazia jicho. Najua analotaka kusema: mwalimu, huku si kuchakachua? Wazee wangu, tusemezane kweli. Mafuta ya nchi hii yalichanganywa zamani, ila kwa mafuta ya taa, usiku, bila hotuba. Mafuta ya taa yanaishusha petroli, injini inagonga, ekzosi inatoa moshi, plagi inakuwa nyeusi. Ethanoli inafanya kinyume. Inapandisha oktani, yaani uwezo wa petroli kutogonga kwenye injini, na kwa kuwa ina oksijeni ndani yake, inaungua vizuri. Kwenye karatasi, ni rafiki wa injini.

Gereji ni kitu kingine. Ethanoli ni pombe, na pombe ni sabuni ya tangi. Pikipiki iliyokaa miaka minane na tope chini ya tangi, wiki ya kwanza italisomba tope hilo lote hadi kwenye kabureta, na kijana atasema mafuta mabaya. Mafuta mazuri, tangi baya. Mipira ya zamani inavimba. Fundi mwenye busara atabadilisha mpira wa mafuta na kusafisha chujio kabla, si baada. Na adui mkubwa ni maji. Kituo chenye tangi la chini ya ardhi linalovuja mvua kimeishi nalo miaka mingi, kwa sababu petroli tupu inayaacha maji yakae chini na pampu inanyonya juu yake. Ukileta ethanoli, maji yanaivuta yenyewe, wanashuka pamoja, na mteja wa asubuhi anauziwa kitu ambacho hakiwaki. Mtakiona kwenye mrija hivi punde.

Mnakumbuka petroli yenye risasi? Afrika yetu hii ya kusini mwa Sahara ilikuwa imeiacha ifikapo 2006. Mafundi, na mimi nikiwemo, tuliapa kwamba valvu zote zitakufa. Hazikufa. Kwa hiyo sitaki niwatishe na mipira ya mafuta. Ila ile risasi ilitolewa kwenye mafuta kabla hayajafika kwetu. Hii ethanoli itachanganywa humuhumu, na anayechanganya humu nchini lazima apimwe humu nchini, la sivyo mlango wa kuchakachua tumeufungua kwa sherehe.

Dizeli nitaisema kwa hadithi. Mwaka fulani mimi na wanafunzi tuliamua kutengeneza dizeli ya mafuta ya kukaangia. Tulizunguka kwa wauza chipsi na rolex, zile chapati za mayai, tukakusanya madumu manne ya lita 20, meusi, yenye vipande vya viazi vikielea. Kanuni ni nyepesi. Unachuja, unapasha joto kama nyuzi 60, unachanganya methanoli na kostiki soda pembeni, unamimina, unakoroga, unaacha usiku kucha. Asubuhi unatakiwa ukute tabaka mbili: juu dizeli ya rangi ya asali, chini gliserini nyeusi. Sisi tulikuta uji mweupe hadi mdomoni mwa pipa. Mafuta yalikuwa na maji, na mimi, mwalimu wao, kwa haraka zangu nilikuwa nimeruka hatua ya kuyakausha. Tulikuwa tumetengeneza sabuni. Wiki nzima walisugulia sakafu ya gereji, na kila aliyepita aliuliza kama dizeli ya mwalimu inatoa povu.

Mara ya pili ilikubali. Jenereta ya chuo iliwaka, na karakana nzima ikanukia chipsi. Lakini fikirini ukubwa wake. Madumu manne ni lita 80. Lori lenu kutoka Mombasa lingezimaliza kati ya Voi na Mtito Andei. Mafuta ya kukaangia yote ya Tororo, kila kikaango, hayatoshi kuwafikisha nyumbani. Ni mafuta safi, mabaki ya kweli kama molasi, ila machache. Akitokea mtu wa kusema basi tupande michikichi, namwomba aende kwanza visiwa vya Kalangala akaone Bugala palivyokuwa msitu na palivyo sasa.

Mbono tulishaupitia. Mbono kaburi, ule mti Waganda wanauita kiroowa na wakulima wa vanila wanautumia kama mhimili wa kutambalia mimea yao. Miaka ya 2000 tuliambiwa unaota kwenye mawe, hauhitaji maji, mbegu zake ni dizeli. Kuota unaota kweli. Kuzaa ndiko kuna mgogoro: kwenye ardhi kavu unakupa mbegu za kujaza kofia. Kule Kisarawe, Tanzania, ardhi ya vijiji ilitolewa kwa ajili ya mbono, kampuni ikaanguka mwaka 2011, watu wakabaki hawana ajira na hawana ardhi. Sina zaidi kuhusu mbono.

Vijana wa boda mmekuwa wavumilivu, sasa nakuja kwenu. Umeme si mafuta, najua, lakini kazi ni ileile, na kwa Uganda naona ndiyo njia fupi. Umeme wetu mwingi ni wa maji ya Nile. Nalubaale tangu 1954, Bujagali 2012, Isimba 2019, na Karuma yenye megawati 600 iliyozinduliwa 2024. Ukimchajia kijana betri kwa umeme huo, kaboni inayotoka ni kidogo sana. Na injini ya petroli, hata niipende vipi, ni mlafi. Ukinunua lita nne, lita moja inasukuma pikipiki, tatu zinakupasha joto mguu. Mota ya umeme inageuza sehemu kubwa ya kile unacholipia kuwa mwendo.

Wala si mambo ya kizungu. Vijana wa Makerere walitembeza gari la umeme, Kiira, mwaka 2011, wakaleta basi la Kayoola mwaka 2016, na leo kiwanda cha Kiira Motors kiko Jinja. Kampala boda za kubadilisha betri mnaziona. Anafika kituoni, anachomoa iliyokwisha, anachomeka iliyojaa, anaondoka kabla chai haijapoa.

Huku kwetu ni hadithi nyingine, na niwape yangu. Niliazima pikipiki ya umeme ya rafiki, nikatoka Tororo kifua mbele. Betri ikaniishia katikati ya mashamba ya mtama. Niliisukuma mpaka kwenye banda la kuchomelea vyuma, nikaomba kuchomeka. Jamaa alinikubalia kwa moyo mweupe. Dakika kumi baadaye umeme ukakatika kijiji kizima. Tukakaa, tukala karanga. Kijana wa boda ya petroli akapita, akapunguza mwendo, akanitazama, akaongeza mafuta kwa makusudi ili niisikie injini. Nilistahili. Mpaka vituo vya betri vifike barabara hii na nguzo zisimame, mwendesha boda wa Malaba hana kosa akibaki na petroli yake, na kwa huyo ndipo ethanoli ya molasi ina kazi ya kufanya.

Madereva wa malori, neno langu kwenu halitapendwa. Betri ya kubeba tani 28 kutoka Mombasa hatuna leo barabarani kwetu. Dizeli ya mimea haitoshi. Kitakachopunguza kaboni ya mzigo ule ni reli. Mkataba wa SGR, reli mpya ya kisasa, ya Malaba hadi Kampala, kilomita 272, ulisainiwa Oktoba 2024, na imepangwa kuendeshwa kwa umeme. (Miguno.) Nasikia. Na mimi nimelishwa na malori hayohayo, watoto wangu wamesomeshwa na nozeli zenu. Ila mkiniuliza kuhusu hewa ukaa nikaacha kutaja reli, nitakuwa nimewachakachua.

Na mafuta yetu ya Hoima, magharibi mwa nchi? Nilijua mtauliza. Mafuta yaligunduliwa 2006, bomba la kilomita 1,443 kwenda Tanga, kiwanda cha kusafisha mapipa 60,000 kwa siku kimepangwa. Yatatuondolea presha ya geti hili, na mimi kama Mganda nitafurahi. Lakini hewa haikagui pasipoti. Petroli ya Hoima ikichomwa Malaba inachapisha noti mpya sawasawa na ya Uarabuni. Serikali yetu iliandika mwaka 2022 kwamba ifikapo 2030 itapunguza uzalishaji kwa asilimia 24.7, ukilinganisha na pale tungefika bila kufanya lolote. Kuweka lengo hilo na Hoima kwenye sentensi moja ni kazi ngumu, na sijasikia waziri aliyeifanya vizuri.

Tuirudie mirija. Imetulia. Wa kushoto, petroli tupu: maji ya chai yako palepale kwenye mstari wa 10. Wa kulia, njooni karibu, yamepanda. Yako karibu na 19. Maji yameishusha ethanoli yote kutoka kwenye petroli, ndiyo maana nikasema habari za matangi yanayovuja. Na ndivyo mtakavyopima wenyewe: kadiri maji yalivyopanda mistari, ndicho kiasi cha ethanoli ulichouziwa.

Mzee wa matangi alisimama, akavaa miwani, akainama juu ya meza muda mrefu.

"Mwalimu, na mafuta ya taa yanaonekana humu?"

"Hayaonekani, mzee wangu. Hayapatani na maji. Hayo yanahitaji kipimo kingine."

"Na huu muwa," akagonga mrija wa kulia kwa ukucha, "unaonyesha ulikatwa wapi? Kwa mtu au msituni?"

Nikamwambia hapana, huo mrija haujatengenezwa. Kwa hilo unapanda taksi ya Jinja ukaangalie mwenyewe.

"Nauli?" akauliza.

Ukumbi ukaangua kicheko, mwenyekiti akatazama saa, na mimi nikaanza kumwaga petroli kwenye kopo la bati kabla Afande hajaanza kuuliza maswali yake.